Kamera ya Babu na Milioni Thelathini za Dalali

Simu ya mama ilinikuta kwenye foleni ya kantini, sahani mkononi, wiki ile ambayo boom lilikuwa halijaingia na wengi wetu tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Mama hakusalimia sana. Alisema, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Hebu tuambie, ile kamera ya Mjerumani ya babu yako ni shilingi ngapi?"

Nikacheka. Nikadhani ni utani. Kumbe nyumbani Lushoto kikao kimeshakaa. Mdogo wangu wa kike kapata nafasi chuo cha uuguzi, ada ya kuanzia ni milioni moja na laki nne, na mjomba kaja na dalali kutoka mjini. Dalali kaiangalia kamera, kaigeuza, kaisikiliza sikioni kama mtu anayesikiliza saa, halafu akatamka: milioni 30. Ila kabla mnunuzi hajaja, lazima zitolewe laki tatu za "kupima". Mama alikuwa anafikiria kuzikopa kwenye VICOBA.

Nilimwambia, "Mama, usitoe hata mia. Nipe wiki mbili." Nikarudi kula wali wangu bila kujua kitu chochote kuhusu kamera za Kijerumani. Haya ninayoandika ni yale niliyojifunza ndani ya hizo wiki mbili na miezi iliyofuata. Nayaandika kwa sababu najua siko peke yangu. Ukiuliza bweni zima, utapata watu watano ambao kwao kuna cherehani, redio, rupia au saa ya ukutani "ya Mjerumani" inayosubiri tajiri.

Tuanze na kitu chenyewe. Ukikiona kimefungwa huwezi kujua ni kamera. Ni kisanduku bapa chenye ngozi nyeusi, ukubwa wa daftari dogo nene, na mkanda wa kushikia juu yake. Pembeni, chini ya ngozi, kuna kitufe kilichojificha. Ukikibonyeza, mlango wa mbele unaanguka na kuwa sakafu, na juu ya sakafu hiyo kuna reli mbili za chuma. Unashika kile kibao kilichobeba lenzi na kukivuta mbele juu ya reli mpaka kigote. Nyuma yake inafunguka ngozi iliyokunjwakunjwa kama mvukuto wa mhunzi, au kama kodiani. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia mwanga usiingie kati ya lenzi na nyuma.

Nyuma hakuna filamu. Kuna kioo chenye ukungu. Mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi, anaangalia kile kioo, na anaona dunia imepinduliwa: vichwa chini, miguu juu, kulia kumekuwa kushoto. Anazungusha kigurudumu pembeni mpaka picha ionekane kali. Akiridhika anatoa kile kioo, anachomeka kasha jembamba la bati lenye bamba la kioo lililopakwa dawa inayoshika mwanga, anavuta kifuniko cha kasha, anapiga, anarudisha kifuniko. Picha moja, bamba moja. Ukitaka ya pili unaanza upya.

Ndiyo maana wataalamu wanaziita kamera za mabamba za kukunja. Bamba la kawaida lilikuwa sentimita 9 kwa 12, na lingine dogo la 6.5 kwa 9. Sentimita 9 kwa 12 ni kubwa. Babu hakuhitaji mashine ya kukuza picha, alilaza bamba juu ya karatasi, akaliangaza, na picha ikatoka ukubwa uleule wa bamba.

Zilitengenezwa nchi nyingi, lakini Ujerumani ndiyo iliyotamba, na ndani ya Ujerumani mji wa Dresden ndio uliokuwa na viwanda vingi. ICA ilikuwa hapo, iliyozaliwa mwaka 1909 baada ya kampuni kadhaa kuungana. Ernemann ilikuwa hapo. Ihagee pia ilianzishwa hapo mwaka 1912. Stuttgart kulikuwa na Contessa-Nettel, Berlin kulikuwa na Goerz, na Braunschweig kulikuwa na Voigtländer, kampuni iliyoanza Vienna mwaka 1756, kabla picha zenyewe hazijavumbuliwa. Walikuwa wakitengeneza vyombo vya kutazamia.

Shikilia mwaka mmoja: 1926. Mwaka huo ICA, Ernemann, Goerz na Contessa-Nettel ziliunganishwa zikawa kampuni moja, Zeiss Ikon. Mwaka huu ndio ulioanza kuniokolea laki tatu za mama.

Maana hadithi ya nyumbani, ile aliyoizungumza dalali na mjomba akaitikia kwa kichwa, ilikuwa kwamba kamera hii iliachwa na afisa wa Kijerumani aliyekimbia Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilimwomba binamu yangu anitumie picha za kamera kwa WhatsApp, kila upande. Picha ya tatu ilionyesha maandishi yaliyogandamizwa kwenye ngozi: Zeiss Ikon. Sasa wewe piga hesabu. Wajerumani walipoteza koloni lao la Afrika Mashariki vitani, vita vikaisha mwaka 1918. Afisa gani huyo aliyeacha kamera ya kampuni ambayo ilikuwa haijazaliwa?

Haina maana babu alidanganya. Babu mwenyewe alisema siku zote kwamba aliinunua Tanga miaka ya 1950 kwa fundi cherehani Mgoa aliyekuwa na studio nyuma ya duka. Hao wa afisa na vita ni watu waliokuja baadaye kuitia chumvi. Na kamera kufika Tanga haihitaji afisa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 baadhi ya Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika wakiwa walowezi, wengine wakalima huku kwetu Usambara, mpaka vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 na Waingereza wakawakamata. Wamisionari nao walikuwepo. Wafanyabiashara waliagiza bidhaa kutoka Ulaya kila mwezi. Njia ni nyingi.

Mwaka wa kamera unaweza kuusogelea zaidi kwa kuangalia mbele, pale kwenye lenzi. Kwenye pete ya lenzi ya babu pameandikwa Carl Zeiss Jena, Tessar, 1:4.5, f = 13.5 cm, pamoja na nambari inayoanza na laki saba na kitu. Tessar ni lenzi iliyobuniwa na Paul Rudolph kiwandani Zeiss mwaka 1902, yenye vipande vinne vya kioo, viwili vya nyuma vimegundishwa pamoja. Ilikuwa kali sana kwa wakati wake, na ikaigwa kila mahali. Zeiss walitoa nambari kwa mfululizo, kwa hiyo wakusanyaji wameshajua kwamba nambari za karibu laki saba zinaangukia mnamo 1926 au 1927. Tahadhari moja: nambari ni ya lenzi, siyo ya kamera. Lenzi iliweza kukaa ghalani kabla ya kufungwa, au fundi akaibadilisha miaka 20 baadaye.

Kitu cha pili ni shata. Lenzi imekaa ndani ya kidude cha mviringo, na juu yake kuna kigurudumu chenye namba: 1, 2, 5, 10, 25, 50, 100, halafu 200 au 250 kutegemea ukubwa. Hizo ni sehemu za sekunde. Hii inaitwa Compur, iliyotengenezwa na kampuni ya Friedrich Deckel ya Munich kuanzia mwaka 1912. Kabla yake Deckel walikuwa na Compound, ambayo ilipima muda kwa hewa inayosukumwa ndani ya kisilinda kidogo. Compur ikaweka magurudumu ya meno kama ya saa badala ya hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kile kigurudumu cha juu kikaondolewa, na kasi zikawa zinawekwa kwa kuzungusha pete nzima inayozunguka lenzi. Kwa hiyo ukiona kigurudumu juu, fikiria kabla ya 1930. Ukiona pete, fikiria baadaye. Si sheria ya asilimia mia, lakini inatosha kumnyamazisha mjomba.

Nikishamtaja mjomba, nimalizane naye.

Wakati mimi nasoma mambo haya usiku kwenye maktaba, mjomba naye alikuwa na utafiti wake. Kuna mtu kamwambia thamani ya kamera haiko kwenye kamera, iko ndani, kwenye zebaki nyekundu. Mnaijua hadithi hii. Kila kitu cha zamani kina zebaki ndani. Mwaka 2009 kule Saudi Arabia watu walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu kwa kuamini hivyohivyo, mpaka polisi wakaingilia. Zebaki nyekundu ya hadithi hizi haipo. Ndani ya Compur kuna springi, magurudumu ya meno, na majani membamba ya chuma yanayofunguka na kujifunga. Basi.

Mjomba hakujua hilo. Kwenye Compur hii kuna kijiti kidogo chenye herufi tatu, Z, D na M. M ni ya picha ya haraka, na hapo ndipo unapokamia springi kwa mkono mwingine kabla ya kupiga. D inaacha shata wazi kwa muda wote unaobonyeza, na Z inafungua kwa bonyezo la kwanza na kufunga kwa la pili. Ukiwa kwenye Z au D, mkono wa kukamia umefungwa kwa makusudi, haupaswi kusogea. Mjomba alikuwa kwenye Z. Akausukuma. Haukwenda. Akachukua koleo.

Alipomaliza, akapaka ngozi ya mvukuto dawa ya viatu ili "ivutie mnunuzi", kisha akasugua vyuma kwa dawa ya kung'arishia shaba mpaka rangi nyeusi ya kingo ikatoka na shaba ya chini ikaonekana inang'aa. Kwa macho ya mtu wa kawaida, kamera ilipendeza. Kwa macho ya mkusanyaji, ilikuwa imepoteza pengine nusu ya thamani yake kwa mchana mmoja. Watu hawa hawataki kitu king'ae. Wanataka kitu kilichozeeka kwa haki, chenye rangi yake ya kiwandani hata kama imechakaa. Rangi ikishatoka hairudi.

Lakini nusu ya thamani ya shilingi ngapi? Hilo ndilo swali la mama, na nililiogopa.

Njia ya kujua bei ni moja tu, na ni ya kuchosha: angalia zilizouzwa, usiangalie zinazouzwa. Mtu yeyote anaweza kuweka kamera mtandaoni na kuandika dola 5,000. Hata dalali wetu alionyesha bei ya namna hiyo kwenye simu yake. Bei ya kuandikwa ni ndoto ya muuzaji. Minada mingi ya mtandaoni ina sehemu ya kuchuja ili uone zile tu ambazo mtu alilipa kweli. Kwa wiki mbili nilifuatilia kamera zinazofanana na ya babu, yaani Zeiss Ikon Maximar ya 9 kwa 12 yenye Tessar na Compur, kila usiku baada ya saa sita bando la usiku linapoanza. Zilizokuwa nzima nilizoziona ziliondoka kwa kati ya dola 60 na 150.

Ziweke kwenye shilingi mwenyewe. Kisha toa gharama ya kuituma Ulaya. Kisha toa mjomba.

Kwa nini ni ndogo hivyo, wakati kitu kina karibu miaka 100? Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Umri peke yake hauna bei. Kamera hizi zilitengenezwa kwa wingi sana kati ya 1910 na 1935 hivi, kwa ajili ya watu wa kawaida wenye kipato cha kati. Zilikuwa imara, hazikutupwa, zikabaki kwenye madari ya nyumba za Ulaya nzima. Kila mzee anapofariki huko, wajukuu wanakuta moja. Wanaozitaka ni wachache, na wanaoweza kuzitumia ni wachache zaidi, kwa sababu mabamba ya kioo siyo kitu unachokuta dukani.

Kinachopandisha bei ni tofauti na mwenzake. Lenzi kwanza. Tessar ni nzuri ila ni ya kawaida. Heliar ya Voigtländer, iliyobuniwa mwaka 1900, ina watu wanaoitafuta kwa namna inavyochora uso wa mtu, na wapo wanaonunua kamera nzima ili wang'oe lenzi tu. Dagor ya Goerz vilevile. Voigtländer walikuwa na kamera inaitwa Bergheil, jina lililotokana na salamu ya wapanda milima, na ile ndogo ya 6.5 kwa 9 iliyovikwa ngozi ya kijani inagombaniwa, wakati dada yake mweusi wa 9 kwa 12 anauzwa kwa bei ya kueleweka. Ngozi ya kijani tu! Nilipomweleza mwenzangu wa chumba alisema wazungu wana matatizo yao.

Halafu kuna kamera za tropiki, na hizi zinatuhusu sisi kwa karibu. Wajerumani waliona kwamba kamera zilizofunikwa ngozi nyeusi zikipelekwa Afrika, India au Asia ya joto, gundi inaachia, mbao inavimba, na wadudu wanakula. Kwa hiyo ICA, Ernemann, Contessa-Nettel na baadaye Zeiss Ikon wakatoa kamera za mbao ya mtiki iliyopigwa msasa na kuachwa wazi bila ngozi, zimeshikwa kwa vyuma vya shaba ya njano, na mvukuto wake mara nyingi ni wa ngozi nyekundu au ya kahawia. Ni nzuri sana kuzitazama, nakubali. ICA waliiita yao Tropica. Zilitengenezwa chache, na leo zinauzwa mara kumi au zaidi ya dada zao weusi. Nyingine nilizoziona minadani zilipita dola elfu.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kitu cha bei kubwa kuliko vyote katika ukoo huu wa kamera ni kile kilichotengenezwa ili mgeni aweze kutupiga picha bila kamera yake kuharibiwa na hewa yetu. Wapiga picha kama Walther Dobbertin walizunguka nchi hii kabla na wakati wa Vita vya Kwanza, na picha zake nyingi leo ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Ukifungua kitabu cha historia cha sekondari, picha za wakati wa Mjerumani ulizozoea kuziona zilipigwa na macho ya aina hiyo. Najiandaa kufundisha Historia na Kiswahili, kwa hiyo mambo haya yananikereketa, lakini turudi kwenye bei.

Ukamilifu. Kamera iliyo na makasha yake ya mabamba, kioo chake cha ukungu, na mkoba wake wa ngozi ina thamani kuliko iliyo peke yake, na kioo cha ukungu kikipotea ni pigo kubwa, kwa kuwa reli za nyuma za kampuni moja hazikubali makasha ya kampuni nyingine. Makasha ya Voigtländer, kwa mfano, hayaingii kwenye Zeiss Ikon. Kwetu kioo kipo na makasha sita yapo. Huo ndio utajiri wetu.

Mvukuto unapimwa gizani: washa tochi, iweke ndani, izungushe taratibu, angalia kwenye kona za mikunjo. Kila nyota unayoiona ni tundu. Lenzi inapimwa kwa tochi hiyohiyo ukiitazama kwa mshazari, unatafuta nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Huo ni ukungu, fangasi kabisa wanaokula kwenye kioo, na kwa hali ya hewa ya Lushoto au ya pwani ndio ugonjwa wa kwanza. Kamera kuukuu haipendi kufungiwa kwenye mkoba wa ngozi miaka nenda rudi, inapenda hewa kavu.

Na kama kuna mtu kakwambia kamera yako ina alama ya Wanazi na kwa hiyo ni mamilioni, kaa chini kabisa. Kuna kamera nyingi za Kisovieti aina ya Fed na Zorki zilizogongwa alama za jeshi la Hitler baadaye na kuuzwa kama Leica za vita. Alama hiyo inamfanya mnunuzi mwenye akili aondoke, siyo aje.

Jambo la sheria pia liliulizwa nyumbani, maana dalali alimtisha mama kwamba serikali ikijua itataifisha. Nilisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inalinda pia vitu vya utamaduni, ikiwemo milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Kamera ya kiwandani ya mwaka 1927 haimo kwenye tarehe hizo. Ule ulikuwa mkwara wa kumfanya mama aharakishe.

Nilipanda basi kwenda nyumbani Ijumaa. Sikutaka kusema kwa simu. Tulikaa sebuleni, mama, mjomba, mdogo wangu na shangazi mmoja aliyekuja kusikiliza mamilioni. Nikaeleza kama ninavyoeleza hapa: 1926, nambari ya lenzi, kigurudumu, minada. Nikasema kwa hali iliyonayo sasa, ikipata mnunuzi, ni laki moja na kidogo mkononi. Shangazi aliaga mapema.

Mjomba alikasirika. Alisema chuo kinatufundisha kudharau vitu vyetu. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo yako iko palepale, ila mpigie dalali hapa mbele yetu, mwambie laki tatu zake akate kwenye milioni 30 mnunuzi akilipa." Alipiga, akaweka spika. Dalali alisema mtandao unasumbua. Mpaka leo unasumbua.

Mama alikwenda VICOBA Jumatatu iliyofuata. Alikopa, ila kwa ajili ya ada, awamu ya kwanza. Mdogo wangu yuko chuo sasa. Deni lipo, na boom langu la mwezi huu sehemu yake imekwenda huko, kwa hiyo mkiniona nakula mara moja kwa siku msiulize.

Sijamaliza. Jioni ile, watu walipoondoka, nilifungua makasha sita. Manne yalikuwa matupu. Mawili yalikuwa na mabamba ndani, na chini ya mkoba kulikuwa na boksi la karatasi lenye mengine tisa, yamefungwa kwa gazeti. Kumi na moja. Ukishika bamba kwenye dirisha unaona watu weusi-weupe waliogeuzwa: uso mweusi ni mweupe, kanzu nyeupe ni nyeusi. Nililiweka moja juu ya karatasi nyeupe, nikalipiga picha kwa simu, nikabadilisha rangi kwa programu ya bure. Akatokea msichana kakaa kwenye kigoda, kitambaa kichwani, nyuma yake shuka limetundikwa likiwa na mikunjo. Mama alichukua simu, akakaa nayo muda mrefu. Akasema, "Huyu ni mama yangu. Kabla hajaolewa." Hatukuwa na picha yoyote ya bibi. Hata moja.

Mabamba hayo ukiyapeleka mnadani huko Ulaya, mtu asiyejua ni nani atayanunua kwa dola chache kila moja, maana hayana jina la mpiga picha. Nimeshayapiga yote kwa simu na kuyahifadhi sehemu tatu. Usiyaoshe yakwako ukiyapata. Ile dawa upande mmoja inatoka na maji pamoja na picha. Shika kingo tu, kila moja lifungwe kwa karatasi yake safi, yasimame wima kama vitabu.

Kamera niliikuja nayo chuoni. Fundi saa mmoja mzee hapa mjini aliifungua Compur mbele yangu, akatoa springi iliyopinda kwa koleo la mjomba, akainyoosha, akaosha magurudumu kwa benzini. Sasa M inafanya kazi, 25 mpaka 200 zinasikika vizuri, ila sekunde moja inakuwa kama tatu. Kasema nirudi Jumamosi.